Fimbo inayojua kuvunjika

Kidole changu cha mwisho mkono wa kulia hakinyooki mpaka leo. Tulikuwa tunacheza hoki shuleni, fimbo zenyewe za kurithishana, yaani kaka zetu walishazitumia na waliowatangulia nao walizitumia, na ile iliyoniangukia mimi ilikuwa imezungushiwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme karibu na katikati, nikadhani labda mwenyewe alitaka tu ipendeze. Kumbe chini yake kuna ufa. Siku hiyo nikakutanisha fimbo na mwenzangu kwenye mpira, yangu ikaachia pale pale kwenye selotepu, ya kwake ikakosa cha kuizuia, ikapanda moja kwa moja mpaka kwenye kidole. Mwalimu akasema bahati mbaya, tukaendelea. Nimekaa na hiyo bahati mbaya miaka mingi, mpaka nilipoanza kufuatilia mchezo mmoja wa Ayalandi unaoitwa halingi ndipo nikajua kuna watu duniani kazi yao ni kuumiza kichwa juu ya hiyo selotepu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, chukua hoki halafu uondoe kila kitu kinachoifanya iwe na adabu. Timu ina watu 15, uwanja una urefu wa mita 130 hadi 145, mpira ni mdogo wa ngozi wenye kiini cha koki, kipenyo chake kama sentimita 7 na uzito gramu 110 hadi 120. Mpira unaupiga ukiwa chini, unaupiga ukiwa hewani, unaudaka kwa mkono mtupu, unakimbia nao umeuweka juu ya fimbo kama yai kwenye kijiko, na ukipigwa na mtu anayejua unaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Na fimbo hairushwi kiunoni tu, inapita usawa wa bega, usawa wa kichwa, popote mpira ulipo. Wenyewe fimbo hiyo wanaiita camán. Ni kipande cha mbao kisichofika mita moja kwa kawaida, juu ni mpini, chini inapanuka kuwa bapa ambalo sheria inasema lisizidi sentimita 13 kwa upana. Mwaka 2018 UNESCO waliuweka mchezo huu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa hiyo usije ukadhani ni vurugu za kijijini, ni kitu cha heshima kabisa kwao.

Sasa mtu wa kwanza kusikia haya huwa anauliza swali moja: si watengeneze fimbo laini tu? Na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu fimbo ina njia kadhaa za kukuumiza na ukiziba moja unaweza ukawa umefungua nyingine. Fimbo inaweza kukugonga ikiwa nzima. Inaweza kuvunjika ikakuchoma. Inaweza ikawa haikugusi wewe kabisa ila ikaupeleka mpira kwa kasi ambayo mwenzako hana muda wa kukwepa. Ukiifanya iwe imara isivunjike, ujue umeifanya ngumu, na ngumu ikikutana na kifundo cha kidole nani anaumia? Ukiifanya nyepesi ili isigonge kwa uzito, mchezaji anaizungusha kwa haraka zaidi, na hesabu ya kasi haina huruma, kasi ikiwa mara mbili nguvu ya pigo inakuwa mara nne. Uzito ukiwa mara mbili nguvu ni mara mbili tu. Kwa hiyo wepesi peke yake usikudanganye.

Tuanze na kuvunjika maana ndiko kulikonigusa.

Camán ya asili inatengenezwa kwa mti unaoitwa ashi. Si mti wowote wa ashi na si sehemu yoyote ya mti, wanachukua kile kipande cha chini kabisa, kama mita 1.3 kutoka ardhini, pale ambapo shina linaanza kutanuka kwenda kwenye mizizi, na mti wenyewe uwe na miaka kama 25 hadi 35. Sababu yake mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko mtu yeyote. Umeshawahi kumwona fundi wa majahazi akitafuta mataruma, zile mbavu za ndani za chombo? Hachukui ubao ulionyooka akaukata kwa msumeno upate umbo la upinde, anaingia kutafuta tawi lililojipinda lenyewe tangu likiwa mtini, kwa sababu ukikata pindo kwenye ubao ulionyooka umezikata nyuzi za mbao, na nyuzi zikishakatwa pale ndipo patakapopasuka bahari ikichafuka. Fundi wa camán anafanya kitu kile kile. Anataka nyuzi zishuke na mpini halafu zigeuke zenyewe kuingia kwenye bapa, zifuate umbo la fimbo mpaka kwenye ncha. Fimbo yenye nyuzi zilizogeuka vizuri inapinda kidogo, inarudi, inameza mshtuko. Fimbo iliyokatwa kinyume na nyuzi zake inapasuka kwa kipande kimoja kirefu chenye ncha kama mkuki.

Halafu kuna mkanda. Bapa la camán ukiliangalia utaona mara nyingi limezungushiwa kimkanda chembamba cha bati kilichopigiliwa misumari midogo karibu na ncha. Kazi yake ni kama ile pete ya chuma kwenye mpini wa patasi, mbao isichanuke, na ikipasuka basi vipande visiruke vikaenda kumtafuta mtu. Ni akili nzuri sana ya watu wa zamani, ila nayo ina kasoro yake, msumari ukilegea au bati likiinuka pembeni umeshamtengenezea mwenzako wembe. Kwa hiyo mkanda unatakiwa ukaguliwe, na ukweli ni kwamba kijana wa miaka 14 mwenye mechi jioni hakagui kitu.

Wengi wanapishana hapa na mimi nina upande wangu. Fimbo salama siyo ile isiyovunjika. Ni ile inayojua kuvunjika. Mbao ya ashi inapopasuka inakula sehemu ya nguvu ya pigo, ile nguvu inatumika kuzitenganisha nyuzi badala ya kwenda yote kwenye mfupa wa mtu. Mashabiki wanaupenda mlio wa fimbo mbili zikikutana, wameutungia hadi misemo, na fimbo kuvunjika katikati ya mechi ni kitu cha kawaida, mchezaji anakimbia pembeni anapewa nyingine. Shida haijawahi kuwa kwamba inavunjika. Shida ni inavunjikaje, vipande vinabaki vimeshikana au vinaruka, na ilikupa dalili kabla au ilikushtukiza.

Waliolichimba hili swali kwa hela na maabara ni Wamarekani, kwenye besiboli, na kisa chao ni kizuri hata kama mchezo wenyewe huupendi. Zamani rungu za besiboli nyingi zilikuwa za ashi vile vile. Halafu 2001 mchezaji mmoja, Barry Bonds, akapiga homurani 73 kwa msimu mmoja, yaani mipira inayotoka nje ya uwanja kabisa, akitumia rungu la mti wa mepo, basi kila mtu akataka mepo. Mepo ni mti mgumu, mpira unaondoka vizuri, mkononi unajisikia umeshika chuma. Lakini nyuzi zake na vitundu vyake vimekaa tofauti na ashi, ashi inapochoka huwa inaanza kumenyeka taratibu kwa tabaka, unaiona na unaitupa, mepo yenyewe inakaa kimya kimya mpaka siku ya siku inakatika vipande viwili na kile kikubwa kinaruka kama kimetupwa. Kufika 2008 hali ilikuwa mbaya mpaka ligi kuu ikakusanya rungu zilizovunjika, zaidi ya 2,000 kwa miezi michache tu, wakawapa wataalamu wa mbao wakiwemo wale wa maabara ya serikali ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin.

Jibu walilokuja nalo linafurahisha kwa urahisi wake. Tatizo kubwa lilikuwa mwelekeo wa nyuzi. Kama nyuzi hazikwenda sambamba na urefu wa rungu, hata kwa digrii chache, rungu linakatika mshazari. Kwenye ashi nyuzi unaziona kwa macho, kwenye mepo huzioni. Sasa wakafanyaje? Wakaweka tone la wino kwenye mpini. Basi. Wino unaingia kwenye vijitundu vya mbao na kusambaa ukifuata nyuzi, unatoka mstari mdogo, unaupima, ukipinda zaidi ya digrii 3 rungu halichezwi. Ukitazama mpini wa rungu la mepo la ligi kuu hadi leo utakiona kile kidoa. Wakaongeza na kubadili mahali pa nembo, maana wachezaji wanashika rungu kwa kufuata nembo, ukiizungusha nembo robo mzunguko na wao wanageuza rungu bila kujua, mpira unagonga upande ambao mepo ina nguvu zaidi. Idadi ya rungu zinazotawanyika vipande ikashuka kwa karibu nusu. Hawakubuni kitu kipya chochote, hawakupiga marufuku mepo yote, walimsoma mti tu wakausikiliza.

Hata hivyo haikuisha. Septemba 2010, Tyler Colvin wa Chicago Cubs alikuwa anakimbia kutoka kituo cha tatu, mwenzake akapiga mpira, rungu la mepo likakatika, kipande kikaruka kikamchoma kifuani. Alilazwa hospitali, wakamwekea bomba kifuani kulinda pafu, msimu wake ukaishia hapo. Wao walau wanasimama mbali na mwenye rungu. Kwenye halingi mnakuwa wanne watano mmekumbatiana chini ya mpira mmoja na kila mmoja ana fimbo.

Basi tutumie kompoziti, tutasema. Na ndiyo, zipo, camán za plastiki ngumu zilizochanganywa na nyuzi za kuimarisha zinachezwa kabisa, zinaruhusiwa. Uzuri wake hauhitaji maelezo mengi, kila fimbo inatoka na uzito ule ule na ugumu ule ule, hakuna bahati nasibu ya nyuzi, mvua haiivimbishi, na haipasuki kwa vile vibanzi virefu. Kinachonipa wasiwasi ni kile nilichosema juu kuhusu kumeza nguvu. Fimbo ya mbao ikigongana na ya plastiki, ya mbao ndiyo inayovunjika, mwenye plastiki anaendelea na pigo lake. Na fimbo isiyochoka haina pa kupunguzia, kwa hiyo mbunifu inabidi auweke huo ulaini kwa makusudi, aamue bapa liwe na ugumu kiasi gani, shingo ya fimbo ipinde kiasi gani, kingo ziwe na mviringo gani. Hapo ndipo kompoziti inaposhinda mbao kama mtu ataitumia vizuri, mbao unapokea ulichopewa na mti, kompoziti unaamua mwenyewe. Swali ni kama anayeamua anafikiria vidole au anafikiria umbali wa mpira tu. Mteja akiingia dukani anauliza mpira unafika wapi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza hii ikimpata mtu kwenye kiganja inakuwaje.

Hoki ya kawaida walishapita njia hii na ni vizuri kuwaangalia walifanyaje. Fimbo zao zilikuwa za mforosadi, nyingi zikitoka Sialkot kule Pakistani na Jalandhar upande wa India, na ni zama hizo za mbao ambapo Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona (ndiyo, Kenya, waulize wazee wa Nairobi), na Tanzania ilipeleka timu Olimpiki ya Moscow 1980. Baadaye zikaja fimbo zenye chuma, aluminiamu, halafu faibaglasi, halafu kaboni. Metali zikapigwa marufuku na mpaka leo sheria inasema fimbo iwe ya kitu chochote isipokuwa metali. Halafu wakaweka mipaka ya vipimo, fimbo isizidi gramu 737, ipite kwenye pete ya milimita 51, mbinuko wake usizidi milimita 25, isiwe na sehemu ya kukwaruza wala yenye ncha. Lakini sheria ninayoipenda mimi ni ile ya kasi: kwenye kipimo cha maabara mpira ukipigwa usiondoke kwa kasi inayozidi asilimia 98 ya kasi ya kichwa cha fimbo. Umeelewa walichofanya? Hawakusema tumia hiki usitumie kile. Walisema tengeneza utakavyo, ila mpira usiondoke kwa haraka kuliko hapa.

Sababu ya sheria kama hiyo ni kitu ambacho wenye besiboli ya vyuo wanakijua vizuri sana. Rungu la aluminiamu ni tupu ndani, mpira ukiligonga ukuta wake unabonyea kidogo halafu unarudi, kama turubai la kurukia watoto, unauongezea mpira nguvu ambayo mbao isingeupa. Wakaja na kipimo chao, tangu 2011 vyuo vya Marekani vinataka rungu lisizidi 0.50 kwenye kipimo cha kurudisha mpira, yaani likaribiane na tabia ya mbao. Kwa hiyo unaona, hata walioikimbia mbao wameishia kuitumia kama rula.

Turudi Ayalandi. Hatua kubwa kabisa ya usalama waliyowahi kuchukua haikuwa kwenye fimbo, ilikuwa kichwani. Kuanzia mwaka 2010 kila mchezaji wa halingi wa kila ngazi lazima avae helmeti yenye nondo za kukinga uso. Kabla ya hapo mastaa wengi walicheza kichwa wazi na ilionekana ndiyo uanaume. Macho yamepona, meno yamepona, hilo halina ubishi. Ingawa binadamu ni binadamu, kuna waliokuwa wanaondoa baadhi ya nondo ili waone vizuri, na ukiondoa nondo moja tundu linalobaki linatosha kupitisha ncha ya mpini.

Kilichobaki wazi ni mkono. Fikiria mpira unashuka kutoka juu, wewe unanyoosha mkono mtupu uudake, na jirani yako anarusha fimbo aupige kabla hujaushika. Fimbo inafika palepale vidole vilipo. Kuna glovu zenye kinga mgongoni, zipo na zinasaidia, lakini wachezaji wengi hawazitaki, wanasema hawausikii mpira. Na ninawaelewa, mie mwenyewe nilikataa glovu na kidole changu ndiyo hiki. Kama mkono hautaki kuvaa basi fimbo ndiyo ivae, hapo ndipo kazi ya ubunifu ilipo: kingo za bapa. Ukingo mwembamba wa bapa ukigonga mfupa nguvu yote inaingia kwenye mstari mwembamba, ukiuzungusha kwa msasa ukawa na mviringo mnene ile nguvu inatapakaa eneo kubwa zaidi, mfupa una nafasi ya kupona. Mbao yenyewe haina gharama kuizungusha, ni dakika chache za fundi. Kinachopingana nayo ni kuinua mpira kutoka kwenye nyasi, bapa lenye ukingo mwembamba linaingia chini ya mpira vizuri, kwa hiyo mchezaji anaanza kupiga msasa ule ule kwa upande wa pili, anauchonga uwe mwembamba. Nyumbani. Kwenye ngazi za jikoni.

Na hili jambo la kubadilisha fimbo nyumbani lina ukubwa wake, unaweza kuandika sheria nzuri kuliko zote lakini mbao inachongeka. Watu wanapunguza mpini, wanaunganisha kipande kipya kwenye bapa kwa gundi, wanaongeza mkanda. Wengine ni mafundi kweli na fimbo iliyoungwa vizuri inadumu. Wengine ni kama aliyeweka selotepu kwenye fimbo yangu.

Wakati wanabishana juu ya haya mti wenyewe unakufa. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ashi, uligundulika Ayalandi mwaka 2012 ukiwa umeshapita Ulaya, chembe zake zinapeperushwa na upepo, majani yananyauka, matawi yanakufa kuanzia juu. Ayalandi tangu zamani ilikuwa inaagiza ashi nyingi kutoka nje, na huko nako ni huko huko. Amerika ya Kaskazini ashi zao zinaliwa na mdudu wa kijani aliyegunduliwa Michigan 2002. Kwa hiyo kompoziti itaingia utake usitake, na mianzi pia, kaunti ya Clare kuna watengenezaji, Torpey, wameshatoa camán ya mianzi iliyobanwa kwa gundi. Mwanzi umejaa nyuzi ndefu zinazokwenda na urefu wake, nadhani una nafasi nzuri ya kurithi ile tabia ya kuvunjika kwa ustaarabu. Wanaosimamia mchezo wana nafasi ambayo hawakuwahi kuipata karne nzima, ya kuandika kipimo cha kuvunjika na kipimo cha ukingo sasa hivi, kabla kila kiwanda hakijashika soko na umbo lake.

Mpaka hapo, kama una mtoto anayecheza hoki au chochote cha fimbo, toa gripu yote na selotepu yote uangalie mbao iliyo chini. Halafu shika mpini kwa vidole viwili tu, uache bapa lining'inie, gonga taratibu kwenye sakafu ya saruji. Fimbo nzima inatoa mlio mkali unaobaki kidogo. Yenye ufa inalia pwa, kama debe lililojaa maji. Ile yangu tuliigonga kesho yake, mimi nikiwa na bendeji, vipande viwili kila kimoja peke yake, na kimoja bado kililia vibaya.